Marimba na Mashahidi Wake

Muziki husikika kwa sikio, lakini haueleweki kwa sikio peke yake. Wimbo una maneno, na maneno ni mali ya elimu ya lugha. Una mwimbaji na wasikilizaji wake, na hao ni watu wenye mila na desturi. Tena una siku yake ya kuzaliwa, na siku hutunzwa na historia. Kwa hiyo mwanachuoni wa muziki ni jirani wa wanachuoni wengi, apende asipende. Faida ya ujirani huo, na hasara ya kuupuuza, huonekana wazi katika shauri la marimba ya Afrika.

Mwaka 1885 mambo mawili yalitokea Ulaya. Guido Adler wa Austria alitoa makala iliyoigawa elimu ya muziki katika matawi mawili, moja la historia na moja la kanuni, na kila tawi akalipa elimu nyingine za kulisaidia. Mwaka huo huo Alexander Ellis wa Uingereza, mtu aliyejulikana zaidi kwa uchunguzi wa matamshi ya lugha, alipima ngazi za sauti katika ala za mataifa mbalimbali. Aligawa oktava katika sehemu 1,200, kila sehemu akaiita senti. Akaona kwamba ngazi za sauti si za namna moja kwa wanadamu wote, wala hazikuamriwa na maumbile. Watu huzitunga kama watungavyo desturi zao. Basi mtu wa lugha ndiye aliyewapa watu wa muziki mizani yao.

Apataye mizani mpya hutamani kupima kila kitu. Mwaka 1911 Erich von Hornbostel wa Berlin alitoa rai kwamba ala za nchi mbili zilizo mbalimbali zikipatana katika vipimo vya sauti, huenda watu wa nchi hizo waliwahi kukutana. Rai hiyo ilifikishwa mbali na A. M. Jones, padri Mwingereza aliyekaa miaka mingi katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 alilinganisha marimba ya Afrika na yale ya Indonesia, akakata shauri kwamba ufundi huo uliletwa Afrika na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi.

Dai hilo lilikuwa zito. Lilitoka wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimepata uhuru au ziko mlangoni mwake, nalo lilisema kwamba moja ya fahari za bara hili ni mali ya kuazima. Walakini uchungu wa moyo si hoja, kama vile kipimo si hukumu. Ilipasa mashahidi waitwe.

Shahidi wa kwanza ni lugha, nayo ilisema maneno mawili. Kwanza ilithibitisha safari: Kimalagasi ni ndugu wa lugha za Borneo, na mwaka 1951 Otto Christian Dahl alionyesha ukaribu wake na Kimaanyan cha kisiwa hicho. Mabaharia hao, basi, si watu wa hadithi. Lakini pili, jina la marimba lenyewe ni la Kibantu, kwa mzizi na kwa kiambishi.

Shahidi wa pili ni historia. João dos Santos, mtawa Mreno, katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1609, aliandika habari za ala iitwayo ambira katika nchi ya mfalme Kiteve, bara ya Sofala. Ushahidi huo watuambia kwamba ala hiyo ilikuwa na heshima yake zamani hizo, ila haukutaja ilikotoka.

Shahidi wa tatu ni fundi mwenyewe. Hugh Tracey, aliyetoa kitabu juu ya Wachopi wa Msumbiji mwaka 1948, alikaa na watengenezaji wa timbila na kuwatazama wakichonga vibao na kuvisawazisha kwa masikio yao. Sikio la fundi huyu si la yule, na ubao hubadilika kwa ukavu na kwa umri. Mpimaji akitwaa marimba ya zamani yaliyowekwa katika nyumba ya makumbusho, hajui kwa yakini kama apima nia ya fundi au kazi ya miaka.

Mashahidi hao walipokwisha kusema, wanachuoni wengi walilikataa dai la Jones kama alivyolitoa. Kosa lake halikuwa kuuliza, maana swali la mapatano ya watu kwa njia ya bahari ni swali la haki. Kosa lilikuwa kuutwika ushahidi wa namna moja mzigo wa mashahidi wote. Na kidole kimoja hakivunji chawa.

Unguja yaonyesha jambo lilo hilo kwa upande wa heri. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928, na nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri. Alipofariki mwaka 1950 sahani zilibaki, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Mwaka 2001 mwanahistoria Laura Fair alitoa kitabu ambamo nyimbo hizo zilisomwa pamoja na kumbukumbu za wazee na majalada ya serikali. Ndipo wimbo wa Kijiti, uliohusu kifo cha mwanamke mgeni na kuisuta hukumu ya mahakama, ulipoonekana kuwa ni zaidi ya burudani: ni malalamiko ya watu ambao majalada hayakuwapa nafasi ya kusema. Jalada lina tarehe bila uchungu. Wimbo una uchungu bila tarehe. Vikikutana, haki ya waliokufa hukaribia kutimia.

Elimu ya muziki haipungukiwi heshima kwa kubisha hodi katika nyumba za jirani. Hupungukiwa inapojifungia ndani na mizani yake, ikadhani kwamba kilichopimwa kimekwisha kujulikana.