Choo cha Baba Mkwe

Desemba nikiwa ushago, Karachuonyo kule Homa Bay, niliamka mapema nikamwona mke wa binamu yangu akishika njia ya shamba la mihogo, kikopo cha maji mkononi. Kulikuwa bado na giza. Choo kilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwao: kuta za mabati mapya, mlango unaofungwa vizuri, hata bomba la kutoa harufu. Nikamwuliza dani, kwani choo kimejaa? Akacheka.

"Kile ni cha baba mkwe wake. Ataingiaje?"

Siku mbili kabla ya hapo, mhudumu wa afya ya jamii alikuwa amepita na daftari. Boma lina choo? Ndiyo, kipo pale. Akatia tiki, akaenda boma la pili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiwazia hiyo tiki.

Ukikulia Nairobi unasikia maneno mengi kuhusu watu wa kwetu na vichaka. Ati hawajui. Lakini hii habari ya kuambiwa chimba choo ina karibu miaka mia, na ukiifuata nyuma unafika kwenye siasa.

Mwishoni mwa 1921, vijana waliosoma shule za misheni walikutana Lundha, Gem, ambayo leo iko Siaya. Vuguvugu lao likaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwenyekiti alikuwa Jonathan Okwiri, mwalimu. Mwaka mmoja kabla, Kenya ilikuwa imefanywa koloni, na watu waliogopa kupoteza ardhi. Walitaka kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, na kazi ya kulazimishwa ikome.

Mwaka 1923, Archdeacon Walter Owen wa misheni ya Kianglikana ya CMS akawa rais wao, na chama kikapata jina jipya: Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Sasa wanachama waliahidi kuua panya, kupanda miti, kulala kitandani na kuchimba vyoo. Si kwamba mambo hayo yalikuwa bure, maana tauni ilikuwa ikiua watu Nyanza. Owen naye hakuwa kibaraka. Aliisumbua serikali kwa barua kuhusu kazi ya kulazimishwa kwa miaka mingi. Lakini angalia safari yenyewe. Watu walianza kwa kuuliza ardhi ni ya nani, na kabla ya miaka mitatu kupita walikuwa wanaapa kuchimba choo.

Upande wetu, Migori na Homa Bay ya leo, uliitwa South Kavirondo na ulitawaliwa kutoka Kisii. Machifu walikuwa na mamlaka ya kutoa amri za usafi, kwa hivyo choo kilikuja pamoja na kodi, kupitia mdomo uleule. Dani anasema utotoni mwake kulikuwa na vyoo vya kuonyesha chifu. Vilifagiliwa, vikafungwa, na watu wakaendelea na njia zao. Kwa nini utumie kitu ulichochimba ili usipigwe faini?

Halafu kuna boma lenyewe. Kwa Waluo, boma si nyumba moja. Kuna nyumba ya mama, za wake wenza kama wapo, na simba za vijana karibu na lango. Kijana akioa, mke wake anaishi humo simba kwa muda, ndani ya boma la baba mkwe. Baina ya wawili hao kuna heshima kubwa: hawakai kiti kimoja, hawaonani wakiwa hawajavaa vizuri. Sasa mwambie huyo bibi ajisaidie shimo moja na mzee, apishane naye mlangoni akiwa na kikopo. Amri ilisema kila boma liwe na choo. Haikuuliza ni nani ndani ya boma atakitumia.

Na gharama ya kutouliza si ndogo. Kipindupindu kiliingia Kenya 1971. Mwaka 1997 na 1998 kiliua watu wengi Nyanza. Watafiti walikuta hatari kubwa ni kunywa maji ya ziwa na kula kwenye matanga. Mwanzoni mwa 2015 kilirudi, na Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopigwa.

Dawa mpya ilikuwa imekuja 2007, mbinu iliyoanzia Bangladesh. Wanakijiji wanachora ramani ya kijiji chini, wanaonyesha kwa majivu mahali watu wanapojisaidia, halafu kinyesi kinawekwa kando ya chakula ili waone nzi wakihama. Aibu inawasukuma kuchimba wenyewe, bila msaada wa pesa. Mwaka 2011 serikali ikatangaza kwamba ifikapo 2013 mashambani kote hakutakuwa na anayeenda kichakani. 2013 ikapita, vichaka vikabaki na wageni wao. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema usafi wa kuridhisha ni haki. Tumeutafuta kwa faini, tukautafuta kwa aibu.

Kuna watakaosema mila ndiyo iondoke. Labda. Lakini mimi nimeishi ploti ya Pipeline, vyumba vinane choo kimoja, na najua kuna saa ambazo singeenda hata kama mlango uko wazi. Kuwa na choo na kukitumia ni mambo mawili. Mke wa binamu yangu hilo analijua kila alfajiri.

Januari binamu alianza kuchimba cha pili, upande wa simba. Udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka jua likiwaka na kuvimba mvua ikinyesha. Aprili shimo likabomoka. Sasa anahitaji mawe na saruji ya kujengea kuta zake kutoka chini, na nimemtumia nilichokuwa nacho kwa M-Pesa. Mawe ameshapata. Saruji bado, na mke wake bado anaamka kabla ya jogoo.