Mlango wa Filamu

Ukiifungua DVD ya filamu kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili makubwa yenye mkia wa VOB yaliyopangwa kwa namba. Anayeyaona kwa mara ya kwanza hudhani amezikuta sura za filamu, faili moja kwa kila sura. Sivyo. Utaratibu wa DVD hauruhusu faili la VOB lizidi GB 1, kwa hiyo filamu hukatwa pale kipimo kinapojaa, hata kama mhusika hajamaliza neno lake.

Sura zenyewe zimo katika faili jingine, dogo mno, lenye mkia wa IFO. Faili hilo halina picha wala sauti. Linasema kila sura inaanzia wapi kwenye diski. Umuhimu wake unaonekana katika jambo moja: kila IFO hupewa nakala ya akiba, faili la BUP.

Hapa ndipo neno “sura” linapoanza kusumbua. Kiswahili kimeyapokea maneno mawili ya Kiarabu, moja la sura ya Kurani, linaloandikwa kwa sini, na jingine la umbo au uso, linaloandikwa kwa swadi, kisha kikayatamka sawasawa. Ukitaja “sura za filamu”, msikilizaji ana haki ya kufikiria nyuso za waigizaji. Lakini kasoro kubwa zaidi ni hii: ukiing’oa sura ya kitabu, kurasa zinakwenda nayo. Ukiifuta sura ya DVD, hakuna picha hata moja inayopotea. Filamu itacheza mwanzo hadi mwisho. Kinachopotea ni pa kuingilia.

Kwa sababu hiyo “mlango” ni neno bora. Si geni, kwani wasomaji wa Biblia wamelitumia tangu zamani kwa sehemu ya kitabu, na linaeleza kazi halisi ya alama hii ya kuingilia. “Onyesho” halifai, maana mlango mmoja wa DVD unaweza kufungukia maonyesho matatu au manne ya hadithi. “Sehemu” nalo limeshachukuliwa: aliyekuwa akinunua filamu za Bongo analijua kama diski ya kwanza na ya pili.

Neno la pili linalohitaji kuchaguliwa kwa makini ni “kubana”, yaani kupunguza ukubwa wa faili la video. Wapo wanaosema “kukandamiza”, lakini neno hilo limebeba mno dhuluma za watawala. Kubana ni kwepesi na kunaeleweka, ila kuna jambo kunalolificha: nywele zikibanwa zote hubaki, ilhali video ikibanwa kuna kinachotupwa. Filamu ya dakika 90 katika mfumo wa televisheni wa PAL ina picha 135,000, na bila kubanwa ingehitaji kama GB 84. DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7 tu. Yaani filamu ilishabanwa kiwandani, kwa MPEG-2. Anayeibana tena nyumbani kwa H.264, mbinu ya mwaka 2003, mara nyingi hupata faili la GB 1 au 2 lisilotofautishwa kirahisi na diski. Katika programu ya kubana video iitwayo HandBrake, kipimo cha ubora cha 18 hadi 22 kinatosha kwa DVD. Namba ikipanda, ubora hushuka.

Milango haipotei kwa sababu ya kubana. Hupotea pale mtu anapoyachukua mafaili ya VOB, akayaunganisha na kuliacha lile IFO dogo kana kwamba ni takataka. HandBrake ipewe folda nzima ya VIDEO_TS, kisha alama ya kuhifadhi milango iwashwe. Faili linalotoka liwe MKV au MP4. AVI, iliyopendwa sana zamani, haina utaratibu rasmi wa kubeba milango.

Kuna ufundi mmoja zaidi. Video iliyobanwa huhifadhi picha kamili chache, na zinazofuata huandikwa kama tofauti tu. Kwenye DVD ya PAL picha kamili hurudi angalau kila baada ya picha 15, lakini katika H.264 nafasi hiyo inaweza kufika sekunde 10. Mlango ukiangukia katikati ya picha kamili mbili, kichezeshi hulazimika kurudi nyuma au kusuasua. Ndiyo maana HandBrake huweka picha kamili penye kila mlango.

DVD huipa milango yake namba tu. Majina yanayoonekana kwenye menyu ni michoro. Hivyo mwenye maktaba ya filamu huweza kuandika majina mwenyewe kabla ya kubana. Kwa DVD ya harusi ya saa tatu, ambayo mpiga video alikuwa ameiwekea milango kila baada ya dakika tano, “Mlango 14” unaweza kuitwa “Bibi anatoa nasaha”, na mjukuu aliye mbali akaufikia kwa kubonyeza mara moja.