Sindromu ya Bland-White-Garland

Sindromu ya Bland-White-Garland ni kasoro adimu ya moyo ya kuzaliwa nayo, ambapo ateri ya koronari ya kushoto huanzia kwenye ateri ya mapafu badala ya aota. Hupatikana kwa takriban mtoto 1 kati ya 300,000 wanaozaliwa hai. Bila upasuaji, watoto wapatao 90 kati ya 100 hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Jina limetokana na madaktari Edward Bland, Paul Dudley White na Joseph Garland wa Boston, Marekani, ambao mwaka 1933 walieleza habari za mtoto mchanga mwenye kasoro hiyo ambaye moyo wake ulikuwa umevimba.

Chanzo cha madhara

Ateri za koronari hupeleka damu kwenye misuli ya moyo wenyewe. Mtoto anapozaliwa, shinikizo la damu katika ateri ya mapafu bado ni kubwa, hivyo kasoro haionekani. Wiki chache baadaye shinikizo hilo hushuka. Hapo damu inayotoka ateri ya koronari ya kulia kupitia vijia vya pembeni haiishii kwenye misuli, bali hurudi nyuma na kuingia ateri ya mapafu. Ventrikali ya kushoto hukosa oksijeni, hutanuka na kudhoofika, na vali ya mitrali huanza kuvuja.

Watu wachache wenye vijia vikubwa hufikia utu uzima, lakini huweza kufa ghafla.

Dalili na utambuzi

Mtoto hutoka jasho na kuhema anaponyonya, hulia kwa maumivu na haongezeki uzito. Dalili hizo hufanana na za msokoto wa tumbo au ugonjwa wa kifua, hivyo utambuzi huweza kuchelewa. Vipimo vikuu ni elektrokadiogramu na ekokadiografia. Pengine huhitajika pia picha za CT au katheta.

Upasuaji

Zamani ateri hiyo ilifungwa tu ili damu isipotee, na moyo ukabaki ukitegemea ateri moja. Siku hizi hukatwa pamoja na kipande cha ukuta wa ateri ya mapafu na kushonwa kwenye aota. Pale isipofika, hutumika njia ya Takeuchi ya mwaka 1979, yaani kutengeneza mfereji ndani ya ateri ya mapafu. Baadaye mfereji huo huweza kuvuja au kuifanya ateri hiyo iwe nyembamba.

Matokeo

Katika hospitali zenye uzoefu, watoto walio wengi huishi baada ya upasuaji. Hatari ni kubwa zaidi kwa wachanga sana na kwa wale ambao ventrikali yao imekwisha kudhoofika mno. Baadhi yao huhitaji mashine ya kusaidia moyo kwa siku kadhaa.

Sehemu kubwa ya misuli iliyokosa damu huwa haijafa, ila imepunguza kazi. Kwa sababu hiyo nguvu ya ventrikali mara nyingi hurudi karibu na kawaida katika miezi inayofuata. Uvujaji wa vali ya mitrali nao hupungua kwa wengi, ingawa wengine huhitaji kupasuliwa tena.

Makovu yanaweza kubaki katika misuli, na ateri iliyohamishwa huweza kusinyaa. Hivyo aliyepasuliwa hufuatiliwa kliniki maisha yake yote, na hupimwa kabla ya kuruhusiwa kushiriki michezo ya mashindano.