Walioachwa Hadi Mwisho: Steelers wa Pittsburgh na Uteuzi wa Wachezaji, 1969–1974

Kila mwaka orodha hubandikwa ukutani. Ipo ya kuingia sekondari, ipo ya kidato cha tano, ipo ya vyuo, na baadaye ipo ya ajira. Aliyeliona jina lake hushangilia, na asiyeliona hurudi nyumbani kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Lakini ni mara chache sana wakubwa waliotengeneza orodha hurudi baada ya miaka 10 au 20 wakaitazama tena na kujiuliza: Je, tulichagua sawasawa? Tuliowaacha walikuwa akina nani, na waliishia wapi?

Upo mchezo mmoja ambao swali hilo huulizwa hadharani, na majibu yake yameandikwa kwa tarakimu. Mchezo huo ni futiboli ya Kimarekani, ule wa mpira wenye umbo la yai. Makala haya yanaeleza historia ya klabu moja, Steelers wa mji wa Pittsburgh, na jinsi ilivyojengwa na watu ambao wengine waliwapita bila kuwatazama. Naamini wanafunzi walioko shuleni sasa, pamoja na sisi tuliokwisha kuondoka, tunayo ya kujifunza humo.

Asili ya uteuzi

Katika ligi ya Marekani, iitwayo NFL, mchezaji anayetoka chuo kikuu hajichagulii klabu. Klabu ndizo zinazomteua, kwa zamu. Iliyoshika mkia msimu uliopita huanza, na bingwa huwa wa mwisho. Zamu zote zikiisha, hiyo ni raundi moja, nayo raundi ya pili huanza. Mpango huu ulipendekezwa mwaka 1935 na Bert Bell, mwenye klabu ya Philadelphia Eagles, kwa hoja kwamba klabu tajiri zilikuwa zikinyakua wachezaji wote wazuri. Uteuzi wa kwanza ulifanyika Februari 1936. Klabu zilikuwa 9 na raundi 9. Aliyeteuliwa wa kwanza kabisa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Basi tangu siku ile ya kwanza ilionekana kwamba kuwa wa kwanza katika orodha si sawa na kuwa wa kwanza uwanjani.

Raundi zinapokwisha, mchezaji ambaye jina lake halikutajwa yuko huru kusajiliwa na klabu yoyote itakayomtaka. Husajiliwa kwa fedha kidogo, huenda kambini, na mara nyingi hurudishwa kwao kabla ligi haijaanza. Katika macho ya watu, huyo ni makapi.

Klabu iliyokuwa haijui kuchagua

Steelers ilianzishwa na Art Rooney mwaka 1933. Kwa miaka mingi ilikuwa klabu ya kuchekwa. Hadi kufika mwaka 1972 ilikuwa haijashinda hata mechi moja ya mtoano. Mara moja tu, mwaka 1947, ndipo ilipofika hatua hiyo, ikafungwa na Eagles 21 kwa 0.

Kosa kubwa kuliko yote lilifanyika mwaka 1955. Katika raundi ya 9 Steelers ilimteua kijana wa Pittsburgh penyewe, Johnny Unitas, mrusha mpira. Akaachwa kabla msimu haujaanza. Unitas akafanya kazi za ujenzi huku akicheza katika klabu ya mtaani kwa dola 6 kila mechi. Mwaka uliofuata Baltimore Colts wakamchukua, naye akawapa ubingwa mwaka 1958 na tena 1959. Hivyo si kwamba Steelers haikumwona. Ilimwona, ikamteua, ikawa naye mikononi, ikamwachia. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Hapa nazi nzuri ilitupwa na aliyekwisha kuichuma.

Mwandishi wa habari aliyejua njia

Mwezi Januari 1969 klabu ilimwajiri kocha Chuck Noll. Inafaa ikumbukwe kuwa Noll mwenyewe, alipokuwa mchezaji, aliteuliwa na Cleveland Browns mwaka 1953 katika raundi ya 20. Alikuwa mtu wa kufundisha zaidi kuliko kufoka.

Katika miaka hiyo hiyo alijiunga na klabu Bill Nunn, mhariri wa Pittsburgh Courier, gazeti maarufu la Wamarekani weusi. Kila mwaka gazeti hilo lilitoa orodha ya wachezaji bora wa vyuo vya watu weusi, na Nunn ndiye aliyekuwa akiitayarisha. Alivijua vyuo hivyo, makocha wake, na hata barabara za kufikia huko.

Kuelewa umuhimu wa jambo hili hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Kuanzia 1934 hadi 1945 NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Mlango ulifunguliwa mwaka 1946, Rams walipowasajili Kenny Washington na Woody Strode. Mwaka 1949 Paul Younger, maarufu kwa jina la Tank, akawa wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi, Grambling, kuingia ligi hiyo. Hakuteuliwa na yeyote, alisajiliwa tu. Wakati huo vyuo vikuu vingi vya majimbo ya kusini vilikuwa bado havipokei wanafunzi weusi. Kwa hiyo vijana wenye vipaji walirundikana katika vyuo vidogo, vyenye viwanja vibovu na visivyoandikwa na magazeti makubwa. Vipaji vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuvitazama.

Steelers ikamtuma Nunn. Mwaka 1969, katika raundi ya 10, ikamteua L. C. Greenwood wa chuo cha Arkansas AM&N. Mwaka 1970, raundi ya 3, Mel Blount wa Southern. Mwaka 1971, raundi ya 8, Ernie Holmes wa Texas Southern; na mwaka huo huo ikamsajili Glen Edwards wa Florida A&M, ambaye hakuteuliwa na klabu yoyote. Wala si weusi peke yao waliookotwa chini ya orodha. Mike Wagner wa Western Illinois aliteuliwa raundi ya 11 mwaka 1971. Rocky Bleier wa Notre Dame aliteuliwa raundi ya 16 mwaka 1968, akaitwa jeshini, akajeruhiwa miguu katika vita vya Vietnam mwaka 1969, na klabu ikamsubiri apone. Mwaka 1976 alikimbia na mpira zaidi ya yadi 1,000 katika msimu mmoja.

Mstari wa mbele wa ulinzi wa Steelers ulikuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Pazia la Chuma. Walikuwa wanaume 4. Joe Greene alitoka raundi ya kwanza, Dwight White ya 4, Holmes ya 8 na Greenwood ya 10.

Januari 1974

Uteuzi wa Januari 1974 ulikuwa na klabu 26 na raundi 17, yaani majina 442. Steelers iliwapata Lynn Swann katika raundi ya kwanza na Jack Lambert katika ya pili. Noll alikuwa akimtaka sana John Stallworth, mpokeaji mipira kutoka Alabama A&M, akahofu kwamba klabu nyingine ingemwahi. Yapo masimulizi mengi kwamba Nunn alikuwa ameshika filamu ya kijana huyo, na kwamba alirudi peke yake kumpima mbio kwenye uwanja mkavu baada ya wengine kumpima kwenye majani yaliyolowa na kumwona mzito. Hata iweje, raundi ya 4 ilipofika Stallworth alikuwa bado yupo, wakamchukua. Katika raundi ya 5 wakamchukua Mike Webster wa Wisconsin, aliyedhaniwa kuwa na umbo dogo kwa kazi ya katikati ya mstari wa mbele. Raundi zote 17 zilipokwisha wakamsajili Donnie Shell wa South Carolina State, ambaye katika majina yale 442 la kwake halikuwemo.

Klabu hiyo ilitwaa ubingwa katika misimu ya 1974, 1975, 1978 na 1979. Swann, Lambert, Stallworth na Webster wote wameingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo lililoko Canton, Ohio. Shell, aliyecheza miaka 14 na kunasa pasi 51 za wapinzani, alisubiri zaidi ya miaka 30 baada ya kustaafu hadi alipochaguliwa mwaka 2020. Nunn alifariki mwaka 2014, na mwaka 2021 naye akaingizwa humo.

Tuwapimeje?

Mpaka hapa hadithi ni tamu, na hapo ndipo penye hatari. Ni rahisi kusema kwamba Steelers walikuwa na jicho kali kuliko wengine, basi tukaishia hapo. Mwenye kutaka ukweli sharti apime zaidi.

Kwanza, Steelers nao waliwaruka watu hao hao. Walimruka Greenwood katika raundi 9. Walimruka Shell mpaka karatasi ikaisha. Kama wangejua watakavyokuwa, wasingethubutu kusubiri. Aidha, baada ya Webster waliendelea kuteua hadi mwisho wa uteuzi wa 1974, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefikia hadhi ya wale wanne. Anayehesabu washindi peke yao atadhani kila kokoto ni almasi.

Pili, tofauti yao haikuwa katika kutabiri tu, bali katika yale waliyofanya baada ya orodha kufungwa. Kambini Noll alimpima mtu kwa kazi aliyoifanya, si kwa namba ya raundi yake. Mwaka 1974 wachezaji wa zamani waligoma mwezi Julai na Agosti, na vijana wapya wakapata muda mrefu wa kufundishwa na kutazamwa. Mtu kama Shell alihitaji nafasi hiyo. Orodha ilimnyima jina, uwanja ukampa.

Tatu, hata katika klabu hiyo mizani haikuwa sawa siku zote. Terry Bradshaw, aliyeteuliwa wa kwanza kabisa katika ligi mwaka 1970, alivumiliwa miaka kadhaa ya makosa hadi akakomaa. Joe Gilliam wa Tennessee State, mweusi aliyeteuliwa raundi ya 11 mwaka 1972, alipewa nafasi ya kuongoza mashambulizi mwanzoni mwa msimu wa 1974. Katika mechi 6 alishinda 4, akatoka sare 1, akapoteza 1, kisha akawekwa benchi. Wapo wasemao alikuwa anarusha mno na hakufuata mpango wa kocha. Wapo wasemao rangi yake ilimpunguzia subira za watu. Lililo wazi ni kwamba wa raundi ya kwanza hukosea akasubiriwa, na wa raundi ya mwisho hukosea akaondolewa. Tofauti hiyo ikiachwa, orodha hujithibitisha yenyewe.

Nne, tusihesabu vikombe peke yake. Webster alicheza miaka 17 akigonga kichwa karibu katika kila mpira. Alikufa mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 50, baada ya kuchanganyikiwa, kufilisika na wakati mwingine kulala ndani ya gari lake. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, naye akagundua ugonjwa uletwao na kugongwa mara kwa mara. Webster alikuwa mchezaji wa kwanza wa NFL kugunduliwa nao. Mapema ligi ilipinga matokeo hayo. Baadaye ikalazimika kukubali uhusiano uliopo. Klabu ilipata faida kubwa kwa mtu wa raundi ya 5. Yeye alipata nini, hilo nalo ni sehemu ya hesabu.

Na tano, faida ya Steelers ilitokana na upofu wa wengine. Wengine walipofumbua macho, na vyuo vikuu vya kusini vilipoanza kuwapokea vijana weusi, hazina ile haikuwa siri tena. Ubingwa wa 1979 ulipopita, klabu ilikaa miaka mingi bila kuupata mwingine, hadi msimu wa 2005.

Neno la mwisho

Tangu mwaka 1994 uteuzi una raundi 7 tu. Kwa kipimo hicho Greenwood, Holmes, Wagner na Bleier wote wangekuwa watu wasioteuliwa. Wangekuwa na miguu ile ile na moyo ule ule, ila karatasi ingekuwa fupi zaidi.

Kwa wanafunzi nasema hivi: ukiingia shuleni kwa chaguo la pili, au ukapelekwa kwenye mkondo ambao hukuuomba, umeambiwa kitu kimoja tu, nacho ni mahali orodha ilipokufikia. Hujaambiwa uwezo wako unaishia wapi. Lakini usijidanganye kwamba kuachwa kwenyewe ni sifa. Shell hakuingia Canton kwa sababu aliachwa, bali kwa kazi ya miaka 14.

Na kwa wenzangu ambao leo tunakaa kwenye meza za usaili, katika wizara, mashirika na bodi za shule: kosa la kumruka mtu halikwepeki, kwani hakuna ajuaye yote. Tunachoweza ni kumtuma mtu kama Nunn kule tusikopajua, kuuacha mlango wazi baada ya orodha kubandikwa, na kila baada ya miaka kadhaa kuifungua tena ile orodha ya zamani na kuisoma kuanzia chini.