Umekuta viumbe usiowajua kwenye tangi lako la samaki? Usikimbilie dawa, anza hivi

Unawasha taa ya akwariamu usiku, unakuta vitu vyeupe vinatambaa kwenye kioo. Hukuvinunua wala hukuviweka wewe. Wengi hapo hapo hupaniki: wanamwaga maji yote au wanapuliza dawa ya mbu karibu na tangi.

Usifanye hivyo. Dawa nyingi za kupuliza wadudu zina kemikali za jamii ya pairethroidi, ambazo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Utamaliza samaki wako kwanza.

Anza kwa kumjua mgeni. Washa tochi ya simu, piga picha na video kwa karibu, kisha linganisha na hawa.

Minyoo kama uzi
Ni myeupe, myembamba, na hujinyonganyonga majini hasa ukichokoa kokoto. Haina madhara kwa samaki. Ikizidi, maana yake chakula kingi kinabaki na kuoza chini.

Planaria
Huyu ni bapa, ana kichwa kama mshale na vijicho viwili. Hajinyongi, anateleza taratibu kwenye kioo. Hula mayai na huweza kushambulia uduvi wa kufugwa. Usimponde ndani ya tangi, kwani kipande kinaweza kukua kikawa planaria mzima.

Hidra
Anaonekana kama kijiti kilichojishika kwenye kioo au jani, chenye minyiri juu. Ukimgusa anajikunja. Ni ndugu wa yavuyavu na ana sumu ya kuchoma. Samaki wakubwa hawana shida naye, ila vifaranga wako hatarini.

Nukta zinazorukaruka
Ni viumbe wadogo wa jamii ya kamba. Hawana madhara, tena ni chakula kizuri cha samaki. Waache.

Mtoto wa kereng'ende
Ana miguu sita na macho makubwa, na huingia na mimea iliyotoka bwawani. Anakula vifaranga na hata samaki wadogo. Mtoe kwa wavu siku hiyo hiyo, na kagua mimea yote maana huenda hayuko peke yake.

Konokono: hapa kuwa makini
Konokono wengi wa akwariamu ni wasafishaji tu. Mayai yao huonekana kama jeli chini ya majani.

Lakini kama uliokota mimea, mawe au konokono ziwani, mtoni au bwawani, suala linabadilika. Kwetu Afrika Mashariki, baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hutoka kwa konokono na kuingia mwilini kupitia ngozi, bila hata kidonda. Kuingiza mkono kwenye maji hayo kunatosha.

Kwa hiyo usitumbukize mikono mitupu. Vaa glavu ndefu za mpira, na watoto wakae mbali. Kama tayari uligusa maji hayo, nenda kituo cha afya ueleze. Kichocho kina vipimo, na dawa yake, prazikwanteli, inatibu.

Jinsi ya kuwaondoa
1. Punguza chakula. Wape samaki kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika mbili hivi. Wageni wengi hupungua kwa hatua hii tu.
2. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira na ubadilishe takriban robo ya maji kila wiki. Usianze kuvuta kwa mdomo. Maji mapya ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini kwanza.
3. Tega konokono. Weka kipande cha tango usiku, asubuhi kitoe pamoja na waliojazana juu yake.
4. Dawa iwe ya mwisho. Fenbendazoli, dawa ya minyoo ya mifugo, huua planaria na hidra, lakini huweza kuua baadhi ya konokono. Dawa zenye shaba huua konokono na uduvi. Pata kipimo kwa daktari wa mifugo kulingana na lita za tangi lako.

Kumbuka, viumbe wengi wakifa kwa mkupuo huoza na kuzalisha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Watoe na ubadilishe maji fasta.

Wasirudi tena
Mimea mipya ikae kwenye ndoo peke yake wiki mbili hadi tatu, ukiikagua na kufuta mayai. Nunua kwa mfugaji unayemwamini badala ya kuokota ziwani.

La mwisho: usimwage maji, mimea au konokono kwenye mfereji, mto au ziwa. Magugu maji yanayosumbua wavuvi wa Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na yalisambaa duniani kwa sababu watu waliyapenda kama mapambo. Mimea ianike juani ikauke kabisa, konokono wazike, na maji yamwage chooni.

Je, kwenye tangi lako umekutana na yupi kati ya hawa?