Runinga za 1080p Zisizopokea 1080p

Katika historia ya runinga kuna kipindi kifupi, baina ya mwaka 2004 na 2006, ambacho hakitajwi sana, ijapokuwa kilizusha manung'uniko mengi miongoni mwa wanunuzi. Viwanda vilikuwa vimeanza kuuza runinga zenye vioo vya nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kwenda juu, yaani nukta zaidi ya milioni mbili, na sandukuni paliandikwa 1080p. Lakini mnunuzi alipochomeka waya na kuiletea runinga yake picha kamili za aina hiyo, sitini kwa sekunde, aghalabu ilizikataa.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Tangu miaka ya 1930 wahandisi walikuwa wakiigawa picha mafungu mawili: kwanza hurushwa mistari ya witiri, kisha mistari ya shufwa. Jicho huyaunganisha mafungu hayo, picha haipepesi, na nafasi inayotumika hewani ni nusu tu. Ndivyo ilivyofanya BBC mwaka 1936 kwa mistari 405, na ndivyo lilivyofanya shirika la NHK la Japani, lililoanza utafiti wake baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964 na kufikia mistari 1125. Runinga za kale, zile zenye kisogo kirefu, zilichora picha kwa njia iyo hiyo, basi hapakuwa na mgogoro.

Mgogoro ulizuka Marekani ilipotafuta utaratibu wa runinga ya dijitali. Watu wa kompyuta walitaka mistari ifuatane bila kupishana. Watu wa utangazaji walishikilia desturi yao. Mwaka 1996 njia zote mbili ziliruhusiwa. Hata hivyo, mkondo mmoja wa utangazaji haukuweza kubeba picha 60 kamili za mistari 1080 kila sekunde. CBS na NBC zikachagua 1080i, ambayo mistari yake hupishana. ABC ikachagua 720p, yenye mistari michache zaidi lakini inayofuatana.

Waya hauwezi kulaumiwa. HDMI ya kwanza, iliyotolewa Desemba 2002, tayari iliweza kupitisha 1080p kamili. Ila watengenezaji waliona hakuna kituo kinachoirusha, na saketi za kuipokea ziliongeza gharama. Kwa hiyo runinga ilipokea 1080i, kisha ikayaunga mafungu yenyewe kwa ndani. Baadhi ziliyaunga vizuri. Nyingine zilichukua fungu moja la mistari 540 na kulitanua lijaze kioo, na mwenyewe asitambue.

Kwa maoni yetu, si manung'uniko yote yaliyokuwa ya haki. Filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Mafungu yake mawili hutoka katika picha moja, na yakiungwa kwa uangalifu hakuna kinachopotea. Mpira wa miguu ni habari nyingine. Fungu la pili hunaswa sehemu ya sitini ya sekunde baada ya la kwanza, na mpira umekwisha kusogea. Hapo hasara ilikuwa ya kweli, kadhalika katika michezo ya kompyuta.

Sisi tunaofundisha lugha tunavutiwa zaidi na ile anwani ya sandukuni. Haikuwa uongo: ilisifu kioo, nayo ilisomwa kana kwamba inasifu chombo kizima. Laiti muuzaji angelazimika kutumia vitenzi, kuonyesha na kupokea, mnunuzi angejua la kuuliza.

Mwaka 2006 santuri za Blu-ray na HD DVD ziliingia sokoni. Mashine ya kwanza ya HD DVD ya Toshiba ilitoa 1080i tu, lakini PlayStation 3, iliyotoka Novemba mwaka huo, ilitoa 1080p. Sasa palikuwa na kitu cha kupokelewa, na runinga zilizokipokea zikaongezeka upesi. Kufikia 2007 hazikuwa tena jambo la ajabu.

Kisha zikaja runinga za 4K, mwishoni mwa 2012. HDMI ya wakati huo ilipitisha picha 30 tu za ukubwa huo kwa sekunde, na wanunuzi wakangoja hadi Septemba 2013, ilipotangazwa HDMI 2.0, ndipo zikapatikana 60.