Jenerali Aliyekataa Shauri

Neno letu la leo limo katika 1 Wafalme 20:11, pale Ahabu anapomkumbusha Ben-hadadi kwamba vita hupimwa siku ya kuvua silaha, si siku ya kuzivaa.

Tarehe 31 Oktoba 1914 Meja Jenerali Arthur Aitken, Mwingereza, aliwasili hapa Mombasa kutoka India. Alikuwa ametumika katika jeshi la huko karibu miaka 35. Merikebu zake zilichukua askari wapata 8,000 wa kwenda kuiteka Tanga. Maofisa wa Keya, walioijua nchi hii, walimwonya kwamba askari Waafrika wa Wajerumani ni hodari, wakajitolea kumsaidia. Akakataa. Aliona watu weusi hawawezi kusimama mbele ya jeshi lake.

Tarehe 2 Novemba manowari ya Kiingereza ilitangulia kuutaka mji usalimu amri. Hapo Wajerumani wakazinduka, na von Lettow-Vorbeck akaleta watu wake kwa gari la moshi kutoka upande wa Moshi. Tarehe 4 watu wapata 1,000 wakawashinda 8,000. Hata nyuki wa mizinga waliwashukia watu wakiwa vitani. Kesho yake Aitken akaondoka, akiacha nyuma mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Zaidi ya watu wake 800 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Yeye akashushwa cheo kuwa kanali, asipewe jeshi tena. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Lakini hapa miguu mingi iliyovimba haikuwa ya mdharau.

Ndugu, nisimcheke jenerali. Nilipofika Mishomoroni, kijana mwenye cheti cha chuo cha theolojia, mzee mmoja mvuvi aliniambia, “Mchungaji, paa hili halitauweza upepo wa kusi. Ongeza mbao.” Nikamjibu kwamba fundi amekwisha kupima. Mwezi wa Juni mabati yakang'oka usiku, na fedha za wajane zikaenda nayo. Asubuhi mzee alikuja na nyundo yake. Hakunilaumu hata kwa neno moja.

Je, wewe leo unalidharau shauri la nani? La mkeo? La mtumishi wa nyumbani?

Tuombe. Ee Bwana, tupe masikio kabla ya kutupa vyeo. Amina.